Fishi imeingia kwenye simu, na mke wangu anauliza naficha nini

Mama Mushauri, jambo sana.

Nakuandikia kutoka Katuba, hapa Lubumbashi. Nina miaka 52, mke mmoja na watoto 7. Naendesha greda katika kampuni ya kandarasi inayofanya kazi mgodini, upande wa Likasi. Nalala kambini siku 21, narudi nyumbani siku 7.

Miaka 19 mambo yalikuwa hivi: mwisho wa mwezi karani wa ofisi ya wafanyakazi anakuja kambini na katoni ya bahasha za fishi, yaani karatasi za hesabu ya mshahara, kila mtu anatia saini kwenye daftari, anapewa yake. Yangu sikuwahi kuifungua njiani. Nikifika nyumbani naiweka mezani, mama watoto anaipasua kwa kisu cha kukatia sombe, anashuka moja kwa moja hadi chini penye "net à payer", kiasi ninachopokea mkononi, anatikisa kichwa au anatabasamu, basi. Kisha inaingia kwenye sanduku la bati lililo chini ya kitanda. Kila mwaka una fungu lake, limefungwa kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Chini kabisa zimo fishi za marehemu baba yangu, za enzi za zaire, karatasi zimekuwa rangi ya chai.

Mwezi wa Agosti walitukusanya kwenye chumba cha kulia. Kijana mmoja aliyetoka mjini akatuambia karatasi zimekwisha, kuanzia Septemba kila mtu atafungua fishi yake kwenye tovuti ya kampuni. Alionyesha ukutani kwa mashine yake, akabonyeza hapa, akabonyeza pale, dakika kumi hazikutimia. Akauliza kama kuna swali. Hakuna aliyeuliza. Mimi nilikuwa nyuma, hata maandishi sikuyaona.

Walitaka kila mtu alete anwani ya imeli. Mimi imeli sina. Nikamwomba mwipwa wangu, mtoto wa dada yangu, aliyemaliza shule na anajua mambo ya simu. Alinifungulia yote kwa simu yake, neno la siri alichagua yeye, akaniandikia kwenye kipande cha karatasi. Fishi ya kwanza ni yeye aliyeifungua, akanisomea. Wiki ile ile dada yangu akanipigia: "Kaka, kumbe unapataka makuta mingi hivi, na mama eko anateseka?" Kiasi alichokitaja sijawahi kukishika mkononi maisha yangu yote.

La pili: kiasi kilichoingia benki Septemba kilikuwa pungufu kuliko cha Agosti, na Oktoba vilevile. Saa za kazi hazikupungua. Wenzangu wanasema ni hiyo mashine mpya inayokula pesa. Kwenye tovuti kuna kitufe cha kuthibitisha, mwipwa alikibonyeza. Sasa naogopa kwamba nimekubali.

La tatu ndilo linaloniumiza. Mama watoto ameniuliza: "Fishi iko wapi?" Nikamjibu: "Eko mu telefone." Akanyamaza. Kesho yake akasema: "Miaka yote uliiletaka mu mukono, sasa unafichaka nini?" Nimemwonyesha ujumbe wa benki, haukumtosha. Sanduku halifunguliwi tena. Tunalala kama wageni wa hoteli.

Je, nina haki ya kudai karatasi yangu? Na nifanye nini na huyu mwipwa?

Baba wa Katuba

*

Baba wa Katuba, jambo na pole.

Kabla ya safu hii nilikaa ofisi ya wafanyakazi miaka mingi, na bahasha kama zako nimezifunga kwa mikono yangu hadi vidole vikanuka gundi. Kwa hiyo nitaanza kwa kuitetea ile mashine kidogo. Karatasi nayo ilikuwa na mambo yake. Siku moja nilibadilisha bahasha za wanaume wawili wenye jina moja, na kabla ya chakula cha jioni kambi nzima ilijua nani anamzidi nani. Na ukiwa na wafanyakazi Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, kupeleka katoni kila mwezi ni mafuta, dereva na siku za kungoja. Kampuni kuhama karatasi si kosa. Kosa ni kuhama kwa dakika kumi ukutani, mbele ya watu ambao nusu yao wako nyuma na hawaoni.

Nianze na pesa, maana hilo halingoji.

Unayo fishi ya Agosti ya karatasi. Hiyo ndiyo silaha yako. Fungua ya Septemba, ziweke pamoja, na usishuke chini kwanza kama anavyofanya mama watoto. Anza juu kabisa, kwenye sehemu ambayo hakuna anayeisomaga: jina, namba yako ya CNSS (mfuko wa hifadhi ya jamii), tarehe ya kuingia kazini, hali ya ndoa, idadi ya watoto. Linganisha neno kwa neno, namba kwa namba. Kampuni inapohamia programu mpya, mtu fulani ameketi akaandika upya majina ya watu mamia. Anachoka. Mtoto mmoja anaruka, namba mbili zinapishana.

Mimi nadhani shida yako iko hapo kwenye watoto. Una 7. Mkubwa bila shaka anasoma UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, au amekaribia, na mwezi wa Septemba ndio mwezi ambao ofisi nyingi huomba vyeti vya shule vya watoto wakubwa ili waendelee kuhesabiwa. Zamani karani alikushika mkono pale pale unapotia saini: "Papa, leta cheti cha mtoto." Sasa huenda ombi hilo lilikwenda kwenye imeli ambayo hujawahi kuifungua.

Mtoto akitoka kwenye hesabu unapigwa mara mbili. Kwanza posho ya familia inapungua. Pili kodi ya mshahara, ile tuliyozoea kuiona imeandikwa IPR, inapanda, kwa sababu inapunguzwa asilimia 2 kwa kila mtu unayemlisha, hadi watu 9. Tuseme kodi yako kabla ya punguzo ni franka 100.000. Ukihesabiwa mke na watoto 7, hao ni watu 8, punguzo ni 16.000, unakatwa 84.000. Programu ikijua watoto 4 tu, punguzo ni 10.000 na unakatwa 90.000. Hakuna aliyeiba. Lakini mfukoni mwako zimetoka 6.000, na posho ya watoto watatu juu yake.

Kama watoto wote 7 wamo, shuka kwenye mistari. Mshahara wa msingi uwe ule ule wa mkataba. Tazama posho ya nyumba na ya usafiri. Kisha saa za ziada, ambazo kwa mtu wa greda ndiyo nyama ya mshahara: sheria yetu inahesabu saa 45 kwa wiki, zinazozidi zinalipwa kwa nyongeza, na siku ya mapumziko nyongeza ni kubwa zaidi. Wewe unayekaa kambini siku 21 mfululizo una saa nyingi za kuandikwa, kwa hiyo linganisha fishi na karatasi zako za zamu. Kwenye makato, CNSS ni asilimia 5 kwa upande wako. Mwajiri anaongeza 13 kutoka mfukoni mwake, na hizo hazipaswi kukatwa kwako. Kama mshahara wenu umeandikwa kwa dola, tafuta mstari wa kiwango cha kubadilisha. Mwisho tazama kama kuna "avance", mshahara uliochukua mapema, usiyoikumbuka.

Ile namba ya CNSS uitazame mara mbili. Kosa la watoto unaliona mwezi ule ule mfukoni. Kosa la tarakimu moja kwenye namba halionekani leo. Linaonekana siku unapokwenda kudai pensheni na dirishani wanakuambia miaka fulani haimo. Fishi zako za zamani zina neno INSS, kwa sababu CNSS imechukua nafasi yake baada ya sheria mpya ya mwaka 2016. Hizo usizitupe kamwe. Na za marehemu zikae zilipo.

Ukishapata mstari unaotofautiana, usiende ofisini kusema "mashine inakula pesa". Watakucheka na utarudi mikono mitupu. Andika barua fupi: jina, namba ya kazi, "fishi ya Agosti inaonyesha watoto 7, ya Septemba na Oktoba inaonyesha kadhaa, naomba marekebisho na malipo ya miezi iliyopita". Ambatisha nakala za vyeti vya kuzaliwa na vya shule. Fanya nakala mbili, moja wakupigie muhuri wa kupokea. Delege wa sendika, mjumbe wa chama cha wafanyakazi, ajue. Wakikaa kimya, kuna ofisi ya serikali ya ukaguzi wa kazi, na hawaombi pesa kukusikiliza. Lakini usiache miezi ijirundike: madai ya mshahara yana muda wake kisheria, na muda huo ni mfupi.

Kuhusu kitufe, fungua tena usome kimeandika nini. Kama ni "nimepokea", umesema tu kwamba fishi imefika, sawa na saini yako kwenye daftari la karani. Kama kimeandika kwamba unakubali hesabu, basi barua yako iseme wazi kwamba hukubali mistari fulani, na kwamba aliyebonyeza hakuwa wewe. Naam, hilo la mwisho litakuaibisha kidogo. Lisemwe hata hivyo.

Umeuliza kama una haki ya karatasi. Sheria ya kazi ya 16 Oktoba 2002 inamtaka mwajiri akupe hesabu ya maandishi kila anapokulipa. Na sheria ya mambo ya numeriki (dijitali) ya 13 Machi 2023 inayatambua maandishi ya elektroniki kuwa na nguvu kama ya karatasi, mradi ijulikane yametoka kwa nani na yametunzwa bila kuguswa. Kwa hiyo sitakudanganya kwamba unaweza kuwarudisha kwenye bahasha. Unachoweza kudai ni kwamba hiyo hesabu ikufikie kweli. Fishi iliyo nyuma ya mlango ambao huna ufunguo wake haijakufikia. Ombeni pamoja, kupitia delege, kompyuta moja pale kambini yenye mtu wa kusaidia siku mbili kila mwisho wa mwezi, na printa kwa anayetaka nakala. Nimeona kampuni zikikubali hilo bila kelele, kwa sababu ni rahisi kuliko foleni ya malalamiko.

Na ule ujumbe wa benki uliomwonyesha mkeo, ana haki usimtoshe. Unasema kimeingia kiasi gani. Hausemi kimekatwa nini, wala cha nani.

Sasa mwipwa.

Usimpigie kelele. Ulimpa ufunguo wa nyumba ukashangaa amejua kilichomo ndani. Ila ufunguo lazima urudi, na hapa watu wengi wanakosea: wanabadilisha neno la siri, wanaridhika. Imeli ilifunguliwa kwa simu yake, kwa hiyo namba ya kurudishia akaunti ni yake. Hata ukibadilisha neno la siri leo usiku, kesho asubuhi anaweza kubonyeza "nimesahau", namba ya uhakikisho ikaingia kwake, akawa ndani tena. Siku zako 7 zijazo nyumbani, keti naye saa moja. Fungueni imeli kwenye simu yako, muondoe namba yake, muweke yako, kisha ubadilishe neno la siri yeye akiwa ametazama mlangoni. Akaunti itolewe kwenye simu yake mbele ya macho yako. Baada ya hapo ubadilishe na lile la tovuti ya kampuni. Kama simu yako ni ya vitufe tu na haina intaneti, waambie ofisi, wakuwekee njia nyingine. Usirudi kwenye simu ya mtu. Neno la siri liandike, hakuna ubaya, lakini likae ndani ya sanduku la bati na si nyuma ya simu. Kisha mnunulie kijana kinywaji baridi, kwa sababu bila yeye ungekuwa huna hata hiyo ya Septemba.

Mtu yeyote akikupigia kusema ni wa ofisi ya mishahara, anataka namba iliyoingia kwenye simu yako "ili fishi itoke", kata. Ofisi haiihitaji.

Na dada yako? Hicho kiasi alichokitaja, ambacho hujawahi kukishika, nina hakika ni "brut". Kijana alisoma namba kubwa, akampelekea mama yake habari. Mwambie dada kwa upole kwamba ile ni namba ya kabla ya kodi na CNSS, na kwamba inayokufikia iko chini. Namba yenyewe ya chini huna deni la kumtajia. Kuhusu mama yenu anayeteseka, hilo ni neno jingine, na wewe unajua kama ni kweli. Kama ni kweli, usijifiche nyuma ya brut.

Nimefika kwa mama watoto.

Baba, tovuti ya kampuni haikumvunjia heshima. Jibu lako ndilo lililomvunjia. "Eko mu telefone" ni jibu la mtu anayefunga mlango. Yeye kila mwezi alikuwa na kazi yake: kupasua bahasha, kusoma, kufunga mpira, kuweka. Ndiye aliyekutunzia kumbukumbu za kazi yako miaka 19 wakati wewe uko mgodini. Siku moja kazi hiyo ikaondolewa na hakuna aliyemuaga. Tena yeye alisikia jambo moja tu, kwamba mwipwa ameona na yeye hajaona. Dada yako amejua mshahara wako kabla ya mkeo! Mimi ningenyamaza siku zaidi ya moja.

Ukirudi nyumbani, usianze kujieleza. Subiri mle bukari, vyombo vitolewe, ulete simu na ile karatasi ya Agosti. Mfungulie mbele yake, umpe simu mkononi mwake, umwombe akusaidie kutafuta mahali zinapotofautiana. Yeye amesoma fishi zako zaidi ya mia mbili. Macho yake yanajua mahali pa kila namba kuliko yako. Sishangai akiona kosa kabla ya barua yangu kukufikia.

Kisha pakueni fishi yenyewe, faili zima la PDF, si picha ya skrini. Picha ya skrini inakatika pembeni, na mtu anaweza kusema umeichezea. Faili likae mahali pawili: kwenye imeli yako na kwenye flashi moja, ambayo bei yake haizidi kuku. Fanyeni hivyo kila mwezi na msiamini kwamba tovuti itakutunzia. Siku mkataba ukiisha, wanaweza kukufungia mlango jioni ile ile, na benki itakapokuomba fishi tatu za mwisho utabaki unakumbuka tu. Simu nazo zinaibiwa. Soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, unalijua.

Akitaka karatasi ya kuweka sandukuni, na atataka, ichapisheni. Ukiweza, chapisha ofisini. Ukienda kwenye sekretaria ya barabarani, usimtumie yule kijana faili kwa WhatsApp, maana litabaki kwenye simu yake pamoja na fishi za mtaa mzima. Nenda na flashi, simama nyuma yake, na kabla hujalipa mwambie afute alichokinakili kwenye mashine, kisha afute na kwenye kapu la takataka la kompyuta. Atakunja uso. Mwache akunje.

Na karatasi ya Agosti usiirudishe kwenye fungu lake bado, hata mama watoto akishika ule mpira wa baiskeli. Itakwenda nawe ofisini Jumatatu, pamoja na vyeti vya watoto. Ukishajua mstari ulioruka, niandikie uniambie ulikuwa upi.

Mama Mushauri